Simu ya Asimwe Inangoja London

Hamugembe, Bukoba
Jumamosi, 7 Septemba 2024

Baba Asimwe,

Sisi wazima, isipokuwa simu. Nakuandikia kabla sijaanza kufua, maana Jumamosi ndiyo siku simu inalala nyumbani. Jumatatu Asimwe anarudi nayo shuleni, na ikishaingia kwenye kabati la Mwalimu Rwegoshora siioni tena mpaka wiki iishe.

Tatizo ni hili. Tangu mfumo wa simu ujibadilishe wenyewe mwezi wa saba, sauti inakatika. Mwalimu anaweka simu mezani kama kawaida, anafundisha, sauti yake inaingia kwenye vile vifaa vya kumsaidia Asimwe kusikia ulivyotuma Pasaka, halafu katikati ya sentensi kimya. Baadaye inarudi. Asimwe anasema ni kama mtu anafunga na kufungua mlango huku mwalimu akiongea. Fundi wa sokoni ameitazama. Anasema simu yenyewe haina ugonjwa, ila toleo lililoingia mwezi wa saba ndilo bovu, na waliotengeneza simu wameshatoa toleo jingine la kulirekebisha.

Sasa jirani yetu Nusra, yule wa vitenge, ana simu kama yetu, rangi tu ndiyo tofauti. Yake imepata hilo toleo zamani. Yetu tukibonyeza inajibu kwamba iko sawa, hakuna jipya. Jana Nusra alinicheka mbele ya wateja wake. "Mama Asimwe, si ulisema yako ya London? Mbona yangu ya Dubai imefika kwanza?"

Mtihani wa taifa ni wiki ijayo. Ule siuhofii, mtoto anasoma karatasi na kuandika. Ninaouhofia ni wa sekondari ya masista hapa mjini, tarehe 12 Oktoba, wa kuingia kidato cha kwanza. Masista wanatoa imla. Sista anasoma, watoto wanaandika, na nusu ya alama ziko hapo. Akikosa nafasi kwa masista, atapangiwa ile shule ya bweni ya watoto wasiosikia, safari ya siku nzima kwa basi. Sisemi ni shule mbaya. Lakini mtoto anaongea, rafiki zake wako hapa, na wewe hupo. Naye akiondoka nitabaki mimi na kuta.

Wewe unafanya kazi na watu wa simu. Waulize wanangoja nini.

Leokadia


Rayners Lane, London
Jumatano, 11 Septemba 2024

Mama Asimwe,

Picha ya barua yako niliifungua kwenye treni, nikairudia nikiwa nimekaa kitandani na miguu ndani ya beseni. Aristide, yule Mkongo ninayeishi naye chumba kimoja, ananishangaa siku zote. "Ndugu yangu, unaandika kwa mkono, unapiga picha, unatuma. Si useme tu kwenye simu?" Nimemweleza kwamba kwetu kuna mmoja ambaye simu ikisema hasikii, kwa hiyo nyumba nzima tulizoea kuandikiana, na sasa sauti za simu tunaziona kama uvivu.

Nimewauliza. Kwanza nikueleze kazi yangu, maana naona ulidhani nakaa ofisini. Mimi ni mtembeaji. Kampuni ya mtandao inanipa begi la mgongoni lililojaa simu za majaribio, nami natembea nazo. Napiga nikiwa kwenye treni, napiga nikiwa kwenye lifti, napiga kwenye maghala ya chini ya maduka. Inayokatika naiandika. Jioni mabega yanauma kama nilivyokuwa nabeba kahawa pale ghalani, ila kahawa ilikuwa na harufu nzuri.

Sasa jibu. Mkubwa wangu ni binti mmoja anaitwa Dipti, injinia, baba yake alizaliwa Kampala. Ameniambia hivi. Simu yenu niliichukua hapa kwa mkataba wa kampuni yetu, na simu iliyotoka kwetu inabeba mfumo wenye alama yetu. Waliotengeneza simu wakitoa toleo jipya hawawezi kuipelekea moja kwa moja. Wanaleta toleo hilo kwetu, sisi tunalipima kwenye minara yetu, tukiridhika ndipo tunaliachia. Hata simu ikikaa Bukoba, ruhusa inatoka hapa. Ya Nusra iliuzwa dukani bila kampuni yoyote ya mtandao, haina wa kumngoja.

Nilimuuliza kwa nini inachukua muda wote huo. Akasema toleo likipita kwenye meza ya watengenezaji halijapita kwetu, kwa sababu minara yao si minara yetu. Inabidi tuone kama simu inapiga, inapokea, inapiga namba ya dharura, inahama kutoka mnara hadi mnara bila kukata. Unakumbuka kahawa inavyopokelewa kwenye chama cha ushirika? Mkulima anaapa imekauka, karani hamsikilizi, anatia mkono ndani ya gunia. Akikuta unyevu, gunia zima linarudi kuanikwa. Ndivyo hivyo. Na likirudi, linapimwa upya tangu mwanzo, hata pale palipokuwa pazuri, kwa sababu anayerekebisha kimoja anaweza kuharibu kingine.

Toleo lenu liko kwenye majaribio wiki hii. Dipti anaona litatoka kabla ya mwisho wa mwezi. Mwambie Asimwe afanye mtihani wa taifa kwa moyo mtulivu.

Method


Hamugembe
Jumamosi, 14 Septemba 2024

Baba Asimwe,

Mtihani wa taifa umekwisha, anasema hesabu zilikuwa rahisi. Hiyo ndiyo habari njema niliyonayo.

Wiki hii Mwalimu Rwegoshora alimfanyia imla ya majaribio, simu ikiwa mezani. Aliandika sentensi ya kwanza, ya pili ikawa na pengo, ya tatu hakuipata kabisa. Alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja kulisha kuku, na kuku walikuwa wameshakula.

Habari za minara nimezielewa. Nusra naye nimemweleza. Akasema, "Kumbe simu yako ina mume." Nilicheka, sikutaka.

Sasa nisikilize. Wewe ndiye unayelibeba toleo hilo mgongoni. Litembeze upesi. Likipita kwako, mtoto atasikia. Sikuombi kingine mwaka huu.

Leokadia


Rayners Lane
Ijumaa, 20 Septemba 2024

Mama Asimwe,

Hii isome peke yako. Asimwe usimwonyeshe.

Toleo lenu lilibakiza matembezi ya mwisho, na Dipti alinipa mimi, maana nilikuwa nimemweleza habari za mtoto. Nililitembeza Stanmore yote, likawa zuri. Jumatano nikafika Kingsbury, kwenye duka la mama mmoja Mhindi, Bhavini, anauza viungo, unga na masufuria. Huwa anatupa ruhusa tutumie ghala lake la chini, kwa sababu kule chini mtandao haufiki. Simu ikiwa huko inapiga kwa kupitia waifai ya duka. Halafu mimi napanda ngazi huku naongea, na simu inatakiwa itoke kwenye waifai ikashike mnara wa nje bila upande wa pili kujua kitu. Dipti anakuwa ofisini, anapokea kana kwamba yeye ni mpokeaji wa namba ya dharura.

Nilipanda mara ya kwanza nikiwa nimechoka, goti likiuma. Nikafika juu, nikamsikia Dipti anasema, "Method? Method, upo?" Mimi namsikia vizuri, yeye hanisikii. Nikashuka, nikapanda tena, ikawa sawa. Nikarudia, sawa. Kazini kwetu hitilafu ikitokea mara moja na isirudi, inaruhusiwa kuandikwa kwamba haikujirudia, na toleo linapita. Dipti akaniuliza, "Imejirudia?" Nikamwambia bado, nipe muda.

Basi Bhavini akashuka kuchukua unga wa dengu. Yule mama alikulia Mwanza, Kiswahili chake cha dukani bado kipo. Akapanda ameshika ukuta, anapumzika kila ngazi. Nikamwambia nimbebee. Akasema, "Acha bwana, wewe panda na simu zako. Magoti yangu yalibaki Mwanza, mimi nitafika tu." Nikamtazama, na hapo nikajua. Mara ya kwanza nilipanda polepole. Zile nyingine nilipanda haraka, kama nilivyozoea na magunia.

Mama Asimwe, nilikaa juu ya gunia la mchele. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Ningepanda haraka mara moja tena, niseme haikujirudia, na nisingekuwa nimesema uongo wowote. Toleo lingepita, Asimwe angelipata wiki ijayo. Nilimfikiria sana. Halafu nikamfikiria huyu mama ameanguka mle ghalani, anapiga namba ya dharura, anajikokota ngazi moja moja akisema nisaidieni, na kule wanasikia kimya, wanadhani ni simu iliyojipiga mfukoni. Sisi nyumbani tunaujua huo ukimya.

Nikapanda polepole. Kimya. Nikarudia polepole. Kimya.

Nimeliandika kama lilivyo. Dipti hakunilaumu, akaniuliza mtihani wa mtoto ni lini. Toleo limerudishwa kwa watengenezaji. Watarekebisha, watalileta, na tutalipima upya tangu mwanzo. Haliwezi kutoka kabla ya tarehe 12.

Nimefanya mimi, si wakubwa. Nimeona nikwambie hivyo.

Method


Hamugembe
Jumamosi, 21 Septemba 2024

Method,

Sikujua kwamba nimeolewa na baba wa London nzima.

Huyo Bhavini ana watoto, ana majirani, ana hospitali kila kona. Asimwe ana wewe. Ulikuwa umekaa juu ya gunia, na mkononi una kitu kimoja ambacho mtoto wako anakihitaji, ukainuka ukapanda polepole. Kwa makusudi. Umeniandikia vizuri sana, hata mimi mwenyewe nimemhurumia yule mama na magoti yake. Lakini barua nzuri haitamfanyia mtoto imla.

Nimekwenda kwa Nusra kumwomba simu yake kwa siku ile moja. Alikubali kabla sijamaliza kusema, halafu akakumbuka kwamba siku hizo atakuwa Kampala kuchukua mzigo, na biashara yake yote iko ndani ya simu. Aliona aibu kuliko mimi.

Nimemwambia Asimwe ni mtandao tu, utakaa sawa. Umenifanya nimdanganye mtoto. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Leokadia


Hamugembe
Jumapili, 22 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Mama yuko kanisani. Ninyi wawili mnaandika usimwonyeshe Asimwe, Asimwe asijue. Barua zinaingia kwenye simu yangu. Mnadhani nani anaifungua kwanza? Nimezisoma zote tangu Pasaka, hata ile ya mwezi wa tano uliyomwambia mama vitu vya watu wazima. Ile niliishia katikati.

Nimekasirika. Nililia kwa Nusra, akanipa soda. Halafu nikakasirika kwa mama pia, kwa sababu alisema ni mtandao tu huku anatazama pembeni. Mtu akiniambia uongo namjua, mdomo wake unakwenda haraka.

Nina swali. Yule bibi wa unga anajua ulichofanya?

Na nina ombi. Mama ananifanyia imla jioni bila sauti ya simu, mimi natazama mdomo wake. Ameishiwa vitabu, sasa anasoma barua zako. Anaposoma zile za zamani sauti yake inakuwa nzuri, naona kwenye shingo. Andika ndefu, uweke maneno magumu. Mama amekukataza, mimi sijakukataza.

Asimwe


Rayners Lane
Jumatano, 25 Septemba 2024

Asimwe mwanangu, marahaba.

Umekasirika, una haki. Sina la kujitetea, na sitakuambia kwamba ukikua utaelewa. Labda ukikua utakuwa bado umekasirika.

Bhavini hajui. Nilimuaga tu, akanipa pakiti ya bizari nikasahau kuichukua. Sitamwambia, maana nikimwambia itakuwa kama namdai shukrani.

Haya, maneno magumu. Kiwambo. Mng'ang'anizi. Shaghalabaghala. Ghadhabu, ambayo mama yako anayo. Aristide naye amenipa moja la kwao nikalikataa, halipo kwenye vitabu vya masista. Leo nimetembea Stanmore chini ya mvua nyembamba isiyokwisha, mvua ya hapa hainyeshi kama ya Bukoba inayokuja kwa kishindo na kuondoka. Hii inakaa juu yako kama mgeni asiye na kwao. Nimepiga simu kutoka kituoni, kutoka darajani, kutoka kwenye kibaraza cha maktaba. Mzee mmoja akaniuliza mbona nazungumza peke yangu siku nzima. Nikamwambia nalipwa. Akasema yeye anafanya bure.

Hizo sentensi ni ndefu. Mama asome, wewe tazama.

Mwambie mama kwamba sikumwandikia yeye.

Baba


Hamugembe
Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Baba Asimwe,

Nimekaa siku nyingi bila kuandika. Leo naandika kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Tulikwenda asubuhi. Simu tuliipeleka, ikawekwa juu ya meza ya mbele, na nilimweleza sista msomaji habari za mtoto. Ni msichana mdogo, mpole, alinisikiliza vizuri. Akampa Asimwe kiti cha mbele. Wazazi tukaambiwa tukae nje, mimi nikasimama karibu na dirisha.

Sentensi za mwanzo alikuwa anaandika. Kisha nikaona ameinua kichwa, nikajua sauti imekatika. Hakutishika, akatazama mdomo wa sista kama tulivyozoea jioni zote zile. Ikawa vizuri, nilikuwa naifuata kalamu yake kwa macho. Halafu sista akaanza kutembea. Unajua masista wanavyosoma imla, wanazunguka katikati ya madawati ili watoto wasiibiane. Akapita nyuma. Asimwe akageuka. Sista mwingine mlangoni akamnyooshea kidole atazame mbele. Akageuka tena, akanyooshewa tena. Mara ya tatu hakugeuka. Aliweka kalamu chini akaishika mikono yake.

Nilitaka kuita.

Hajalia. Njiani aliniambia, "Mama, sista hakufanya makusudi, amezoea tu kutembea." Nikakumbuka kile ulichoandika, kwamba wewe umezoea kupanda haraka. Bado nina hasira na wewe, usidhani imeisha. Lakini nimesimama dirishani leo, nimeona mtu anasema, na mtoto wangu hapati. Kama kuna mtu angeweza kulizuia lile kwa kutembea polepole, ningemwomba atembee polepole. Ndivyo nilivyowaza. Sikupenda kuwaza hivyo.

Majibu wiki ijayo. Nayajua tayari.

Leokadia


Hamugembe
Jumamosi, 26 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Mama amesema niandike mimi kwa sababu ni habari yangu.

Majibu yalitoka, jina langu halikuwepo. Mama alianza kuuliza watu habari za basi la kwenda ile shule ya bweni. Nikamwambia kwanza twende kwa Sista Mkuu. Akasema utamwambia nini. Nikasema nitamwambia kazi ya baba.

Sista Mkuu ni mrefu na ana miwani yenye kamba. Alikuwa anakula karanga. Nilimwambia hivi, nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kuku: "Sista, baba yangu anapima simu London. Simu ikishindwa hawaitupi. Wanatafuta ilishindwa wapi, wanarekebisha hapo, wanaipima tena tangu mwanzo. Mimi nilishindwa pale sista alipopita nyuma yangu. Naomba mnipime tena, msomaji asimame mahali pamoja."

Akaniuliza, "Na ukishindwa tena?" Nikasema basi nitakuwa nimeshindwa mimi, nitakwenda bweni. Mama alinibana mkono.

Sista Mkuu akamtazama mama, akasema, "Huyu ni wa nani?" Mama akasema, "Wa baba yake." Hakusema kwa ubaya, nilikuwa natazama mdomo wake.

Walinipima jana. Alisoma yule yule sista mdogo. Alisimama mbele yangu kama askari, hakutikisika, hata inzi alipotua kwenye shavu lake. Nilimhurumia.

Simu haikuwepo. Ilikuwa nyumbani inapakua toleo jipya, limefika Alhamisi. Mama alikuwa na wasiwasi, akauliza, "Baba yako amelipandisha ngazi hili?" Nikasema lazima, maana limechelewa. Leo asubuhi tumelijaribu, mama amesoma gazeti zima mpaka kwenye matangazo ya vifo, na sauti haikukatika hata mara moja. Nusra alikuja akasema sasa simu yake na yetu ni ndugu. Mama anasema unaweza kumwandikia yeye pia, ila usianze na mambo ya minara.

Nimepata nafasi, baba. Sare ni ya kijani. Kwenye imla nilikosa maneno mawili. Yote mawili niliyaona vizuri yakitoka mdomoni mwa sista. Ni mimi tu sikujua yanavyoandikwa.

Asimwe